Mashavu ya Kibonge

Mtoto hakulia alipomwagiwa maji kichwani, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

Siku zote Kibonge aliligeuza beseni kuwa uwanja wa vita. Alirusha mateke, alivuta hereni ya mama, alipiga kelele mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta akagonga kwa utani kuuliza kama kuna mtu anachinjwa. Asubuhi hii alikaa majini kama nguo iliyolowekwa, kichwa kimeegemea kiganja cha mama yake, macho wazi lakini hayamtazami mtu. Povu likamwingia jichoni. Akapepesa mara moja, basi.

Bibi alikuwa mlangoni na taulo begani. Alisema mtoto anakua, ameshaelewa kwamba maji si adui. Mkwewe akacheka, maana mama mkwe akitania unacheka, kisha akainama kumsugua mtoto shingoni, kwenye mikunjo, ambako vidole vilizama kama kwenye unga uliokandwa.

Saa ya kumwogesha mtoto ndiyo ilikuwa saa yake ya kuwaza. Kazini aliitwa, jikoni aliitwa, hata chooni aliitwa, lakini penye beseni hakuna aliyemsumbua. Hapo aliwaza kuhusu binti yake mkubwa, waliyempachika jina la Kasuku kwa sababu kila tamthilia iliyotafsiriwa aliikariri na kuiigiza, mpaka ukimtuma chumvi anakujibu kwa sauti ya mke aliyesalitiwa. Aliwaza kuhusu lugha za nyumba ile: Bibi na kilugha chake, yeye na Kiswahili chake, Kasuku na Kizungu cha shule, na mume wake, fundi wa friji, ambaye hakuwa msemaji katika lugha yoyote. Kibonge angetamka neno lake la kwanza katika ipi? Majuzi alisema "ba", na Bibi akadai ni neno la kwao lenye maana ya "njoo". Kasuku akabisha kuwa ni Kizungu. Mama mtu aliona ni gesi tu, akanyamaza. Tena aliwaza juu ya mwanamke mmoja wa tamthilia hizo, aliyepotea porini na kutoka huko na uso unaong'aa kama yai lililomenywa, na juu ya uso wake mwenyewe, uliokuwa na kazi ya kufanyiwa kila asubuhi na kila jioni.

Leo mawazo hayo yote yalikataa kuja. Lilikuja moja tu, nalo hakulitaka. Nimeacha, alijiambia. Nimeshaacha. Sasa hii ni nini?

Jina la Kibonge alipewa na mtaa. Alizaliwa mwembamba, miguu kama ya kifaranga, na mama yake hakuwa amesahau jinsi watu walivyomsema alipokuwa na Kasuku, kwamba ana kitoto kama ufagio. Kisha joto likamtoa mtoto vipele shingoni na mapajani. Muuza vipodozi wa kona, ambaye wanawake wote walimwita Daktari ingawa hakuwa daktari wa chochote, alimpa tyubu. Ilikuwa ileile ambayo mama alikuwa akiipaka usoni mwake ili ung'ae. Akamwambia ampake kidogo, kama anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni asiyempenda.

Vipele vilikwisha kana kwamba vimefutwa kwa mkono. Hapo ndipo angeishia. Lakini ngozi iliyobaki chini yake ilikuwa laini na nyeupe, na wanawake kliniki wakaanza kuuliza anatumia nini. Akaendelea, kutoka shingoni kwenda mgongoni, kutoka mgongoni kwenda kila mahali. Mtoto naye akaanza kula kama aliyetumwa. Mashavu yakajaa, yakamwagikia shingoni, macho yakawa mistari miwili. Hakuna aliyepita bila kuyafinya. Bibi alitembea naye mtaani kifua mbele, akieleza jinsi anavyopika uji wake, na mkwewe alisimama nyuma akipokea sifa ambazo hakuwahi kupewa. Mtoto analelewa huyo, watu walisema. Sentensi hiyo ilikuwa tamu kuliko mshahara.

Kisha akaona nywele. Zilikuwa nyembamba, nyingi, zimeteremka kwenye paji la uso na mgongoni. Akaona na michirizi myekundu mapajani. Siku chache baadaye redio ya kazini ilileta kipindi cha afya, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya upole kwamba dawa za aina ile, akipakwa mtoto mchanga, ni sumu. Jioni hiyo aliichukua tyubu ya mtoto, akaifunga kwenye gazeti, akaitupa kwenye pipa la mtaa wa pili ili asionekane. Aliacha mara moja, kama mtu anavyokata kamba. Hakumwambia mtu. Tangu siku ile alilala vizuri, mpaka asubuhi hii ya beseni.

Hakuwa na namna ya kutokwenda kazini. Alikuwa akisafisha picha kwenye studio moja, na wiki hiyo kulikuwa na harusi. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuwaondolea watu chunusi, makovu, weusi wa chini ya macho, na wakitaka, weusi wenyewe. Wateja hawakutamka hivyo. Walisema, "Niongezee mwanga." Alikuwa ameuongeza mwanga huo kwa miaka, na hakuna aliyewahi kurudi kusema umezidi.

Siku hiyo bibi harusi mtarajiwa alikuja mwenyewe, akavuta kiti na kukaa ubavuni pake, akielekeza kwa kucha. Hapa. Na hapa puani. Simu ikaita, na mwenye studio, ambaye hakupenda simu, akakohoa.

Alikuwa Kasuku. Kwa kawaida binti huyo hangeweza kusema hata "unga umekwisha" bila kwanza kuvuta pumzi ya kilio. Sasa alizungumza polepole, sauti yake mwenyewe, kama mtoto mdogo anayeogopa kuamsha mtu.

"Mama, Kibonge ametapika uji wote. Na maji pia. Bibi anasema ni meno. Lakini mikono yake imekuwa ya baridi."

Mama aliinuka. Mwenye studio akamuuliza anakwenda wapi na mteja amekaa pale. Alipoeleza, hakugomba, alisema watoto ndivyo walivyo, hata wake walitapika sana, amalizie tu ule uso ndipo aende. Bibi harusi naye akasema pole, kisha akasema bado kidogo hapa kwenye shingo.

Akarudi kukaa. Alikuja kujiuliza mara nyingi baadaye kwa nini alirudi kukaa. Kipanya kikamteleza, na uso wote kwenye kioo cha kompyuta ukawa mweupe kama sahani, bila kivuli, bila pua. Alitaka kuurudisha, lakini bibi harusi akamshika mkono.

"Hapo hapo," alisema. "Usiguse tena."

Mama akachukua mkoba, akatoka.

Hospitali ilikuwa na benchi refu la akina mama, na mwisho wa benchi mwanamume mwenye koti la kijivu aliyeamua nani aingie lini. Aliwaangalia watoto kwa macho tu. Wembamba walitangulia. Alipofika kwa Kibonge, aliyekuwa mapajani mwa Bibi, Kasuku amesimama kando, alitabasamu na kusema huyu ana afya kutushinda sote, akawaonyesha mahali pa nyuma.

Wanawake waligeuka kutazama. Mmoja mwenye mtoto wa kukohoa akauliza anakula nini mtoto huyu. Mwingine akanyoosha kidole na kumfinya shavu, na shavu likabaki na alama ya kidole. Bibi, ambaye tangu nyumbani alikuwa amekaza midomo, hakuweza kujizuia; akaanza kuueleza ule uji wake, nafaka hii na nafaka ile, jinsi ya kuukoroga usishike chini. Mkwewe alikaa akisikiliza huku ameshika unyayo wa mtoto. Ulikuwa wa baridi, wenye unyevunyevu. Alitaka kusimama awaambie wote wanyamaze, kwamba huo si unono, ni kitu kingine ambacho hata yeye halijui jina lake. Alibaki ameshika unyayo.

Alikwenda mlangoni kwa nesi. Akaambiwa, mama, kaa chini, kila mtu ana mtoto. Akakaa. Mtoto alipoacha kumeza mate, yakawa yanamtoka tu pembeni ya mdomo, alikwenda tena, akaambiwa vilevile kwa sauti ya juu zaidi, na yule mwanamume wa koti akatikisa kichwa kwa ajili ya wanawake wasio na subira.

Kisha kichwa cha Kibonge kikaanguka nyuma juu ya mkono wa Bibi.

Kasuku aliona. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama mbele ya nesi mikono nyuma kama yuko mbele ya darasa, akasema sentensi moja ya Kizungu, iliyonyooka, na lafudhi yote ya mwalimu wake. Nesi akainua macho, akasimama. Wakaitwa ndani palepale. Mama alimfuata nesi huku hajui kama anajivunia binti yake au anataka kulia. Alichosema Kasuku ndicho kilekile alichokuwa amekisema yeye mara mbili.

Ndani mambo yalikwenda kasi. Walimchoma kidole, wakasoma kimashine, wakasoma tena kana kwamba kimeharibika. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Walitafuta mshipa kwenye mkono mnono, wakaukosa, wakautafuta mguuni, wakaukosa, wakaupata kichwani baada ya kunyoa kipande cha nywele. Dripu ikaingia. Mtoto akafumbua macho, akamtazama Bibi, na wote watatu wakashusha pumzi. Kabla pumzi haijaisha akayafumba tena.

Daktari alikuwa msichana, viatu vya mpira miguuni, uso hauna poda, na chunusi mbili kidevuni. Kwa mazoea ya kazi, mkono wa mama ulitaka kuzifuta. Daktari aliuliza maswali yake bila kuinua sauti. Mtoto alianza lini? Ameharisha? Ana mafua? Amepewa dawa yoyote, ya hospitali au ya kienyeji? Bibi alijibu yote. Hapana, hakupewa kitu, alipata mafua kidogo tu, na anakula uji, titi na maji yaliyochemshwa.

Daktari alimgeuza mtoto, akatazama mgongo. Alipitisha kidole juu ya zile nywele laini. Akatazama mapaja.

"Anapakwa nini?"

"Mafuta ya mtoto," alisema Bibi.

Daktari alimtazama mama. Macho ya Bibi nayo yakamgeukia, hayana shaka yoyote, yakimsubiri tu athibitishe. Lau yangekuwa na shaka, pengine angesema.

"Mafuta ya kawaida," alisema.

Daktari akaandika, akatoka na nesi. Mlango ulibaki wazi kidogo na maneno yakaingia vipandevipande. Presha haishikiki. Sukari inapanda na kushuka. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Itabidi wachukue maji ya mgongoni kwa sindano ili wapime. Kasuku, aliyesikia yote, aliushika mgongo wake mwenyewe.

Mama alisimama katikati ya chumba. Hofu zake mpaka hapo zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na uso. Ilikuwepo ya Bibi, ambaye angelitangaza jambo hili kwa kilugha kwa ukoo mzima, na yeye angekaa katikati yao asielewe neno zaidi ya kuona vichwa vikimgeukia. Ilikuwepo ya mume, ambaye asingesema lolote, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwepo ya polisi, maana alisikia kuna mama alichukuliwa hospitalini kwa kumchoma mtoto kwa maji ya moto, na nani angemwambia askari kwamba hii ni tofauti? Ilikuwepo pia ya aibu tupu, aibu ya kuwa mtu aliyeharibu kitoto chake akitafuta sifa za kliniki. Lakini sasa alimwona mtu akiingia na trei yenye sindano ndefu, na hofu zote hizo zikawa kama watu wanaopisha jeneza. Ikabaki moja.

Alimkuta daktari kwenye ukumbi, akinawa.

"Daktari, kuna kitu nilimpaka."

Daktari alifunga bomba. "Nini?"

"Dawa ya ngozi. Ya tyubu. Lakini nimeacha. Nakuapia, nimeacha, wiki nzima sijamgusa nayo."

Alikuwa ameinamisha kichwa tayari kwa matusi. Hayakuja. Alipoinua macho alimwona daktari amebadilika, si kwa hasira.

"Uliacha kidogokidogo, au mara moja?"

"Mara moja. Niliitupa."

"Ulimpaka tangu lini?"

"Tangu kabla hajajua kukaa."

"Mwili mzima?"

"Mwanzoni shingoni. Halafu, ndiyo. Mwili mzima."

Daktari akamuuliza jina la dawa hiyo. Hakulikumbuka. Kwa miezi yote ile aliitambua kwa rangi ya boksi. Alisimama akitafuta kichwani, na muda ulikuwa unakwenda, na trei ilikuwa imeshaingia chumbani. Ikabidi afungue mkoba. Kati ya funguo na kitambaa cha Kibonge cha kufutia mate, alitoa tyubu iliyokunjwa mpaka nusu, kifuniko kimeganda. Mtoto alikuwa ameachishwa. Yeye mwenyewe hakuacha.

Daktari aliipokea, akasoma maandishi madogo. Kisha akamtazama usoni, kwenye ule weupe wa mashavu, akashuka mpaka kwenye vifundo vya vidole vilivyokataa kubadilika. Mama angependa kutukanwa.

"Nifuate," alisema daktari, na alikuwa tayari anatembea.

Aliyasema maneno yake huku akitoa amri, kwa hiyo kila aliyekuwa chumbani aliyasikia. Ile sindano ya mgongo iwekwe pembeni. Iletwe nyingine, ipitishwe kwenye dripu, haraka. Wakati nesi akivunja kichupa, alimweleza mama, na Bibi akiwa palepale, na Kasuku. Dawa ile haikuishia kwenye ngozi, ilizama mpaka damuni. Juu ya figo kuna vitezi vidogo vinavyotengeneza dawa ya namna hiyo kwa kipimo chake, na mwili hauwezi kusimama bila hiyo. Vilipoona inaingia nyingi kutoka nje, vilijilalia. Mashavu, nywele, tamaa ya kula, vyote vilitokana na hiyo iliyozidi. Kisha siku moja ya nje ikakatika, na ya ndani haikuwepo. Kamafua kadogo tu kakatosha kumwangusha.

"Kwa hiyo kumpaka kulimdhuru," mama alisema, akijitahidi kuelewa. "Na kuacha ndiko kunakomuua."

"Kuacha bila kuniambia," alisema daktari. "Mimi au mwenzangu yeyote. Tungemshusha ngazi moja moja."

Sindano ikaingia. Hakuna kilichotokea. Daktari alisema wasubiri, na akasimama pale akisubiri nao, jambo lililomwogopesha mama kuliko yote, kwa kuwa ukumbini kulikuwa na watoto wengi na daktari hakuwa na sababu ya kusimama ila moja.

Bibi alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alikivuta kiti chake kutoka karibu na mkwewe, si mbali, ila miguu ya kiti ilikwaruza sakafu na kila mtu akasikia. Kisha akaweka mdomo sikioni mwa mtoto na kuanza kunena kwa kilugha, chini chini, bila kituo, kama anayesuka kitu. Mama alimsikiliza. Miaka yote ya ndoa hakujifunza lugha ile zaidi ya salamu na majina ya vyakula, na sasa alikuwa na hakika kwamba kila neno ni lake, kwamba analaaniwa juu ya kichwa cha mwanawe.

Hakuweza kuvumilia. Alimuuliza Kasuku anasema nini.

Kasuku alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Hajakutaja," alisema. "Anamwambia asiende. Anamwambia tu asiende, kwa maneno tofauti."

Jua lilikuwa limeshahama kutoka kitandani hadi ukutani mtoto alipoanza kugeuza kichwa huku na huku, akitafuta titi. Nesi aligusa miguu yake, akasema inapata moto. Mama alimnyonyesha akiwa amelala na mrija kichwani. Alinyonya vibaya, akipumzika katikati, na kila alipopumzika mama yake aliacha kupumua.

Baba mtu alifika na mfuko wa spana begani, mikono ina grisi, akitokea kwenye kazi ya friji la bucha. Aliambiwa yote na mkewe, kwa kuwa daktari alisema ni heri aambiwe na yeye. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Akaweka mfuko chini taratibu ili vyuma visigongane.

"Na mimi ungeniambia lini?" aliuliza.

"Sijui," alisema mkewe. Lilikuwa jibu la kweli.

Alikwenda kunawa mikono, akachelewa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alikaa upande wa miguu, akaushika mguu wa mtoto mahali palepale alipokuwa ameushika mkewe kwenye benchi.

Mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa ya vidonge vya kusaga, asubuhi na mchana, na maagizo kwamba dozi isirukwe hata siku moja, na akipata homa tu aletwe mbio. Ingepunguzwa hospitalini, miezi kwa miezi. Mama alisaga vidonge hivyo kwa kijiko huku akiisoma tena karatasi ya maagizo asubuhi ya kwanza, na asubuhi ya kumi, na nyingine zote. Usoni alianza naye kupunguza, kwa maagizo ya daktari yuleyule, na ngozi ikamlipukia, nyekundu, ya kuwasha. Kazini mwenye studio alimwomba awe anakaa kule nyuma, wateja wasimwone.

Mashavu ya Kibonge yalipungua kama puto linalovuja. Uso mwingine ukatokea chini yake, mwembamba, wenye kidevu, unaofanana na baba yake. Mtaa ulishtuka. Waliomsifu jana walimpa pole leo, kwa sauti ile ya watu wanaojiuliza kama ndani mna chakula. Bibi alitoka naye hivyohivyo, ila uji hakuutaja tena. Na mkwewe, Bibi alimsemesha kwa lazima tu: lete taulo, mtoto ameamka, maji yamechemka. Neno "mwanangu", alilomwita tangu siku ya posa, lilikuwa limeondoka.

Siku moja alasiri, jua bado liko juu, walikuwa wakitoka kliniki, Bibi amembeba mtoto, mama amebeba mfuko, Kasuku akifuata nyuma, wakapita barazani kwa msusi. Msusi alikuwa kazini, mteja chini mkekani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Aliwaita. Alimtazama Kibonge kwa huruma, akasema amesikia habari zao, mtaa hauna siri, na kwamba yeye naye ana la kusema.

Akaingia ndani, akatoka na mwanawe.

Mama alikuwa hajamwona mtoto huyo tangu arobaini yake. Alikuwa na mashavu. Yalimwagikia shingoni. Macho yalikuwa mistari miwili, na kwenye paji la uso nywele nyembamba ziliteremka mpaka karibu na nyusi.

"Si ulinielekeza wewe ile tyubu, siku ile nilipokuuliza ngozi ya mwanao," msusi alisema bila lawama yoyote. "Ilimkubali sana. Lakini nimesikia yaliyowapata, sitaki mambo. Leo leo naitupa. Simpaki tena hata tone."

Mama alikumbuka siku ile. Alikuwa amelijibu swali hilo kwa fahari, njiani, na kuendelea na safari yake. Ni wangapi wengine walimuuliza? Alijaribu kuzikumbuka nyuso zao, zikamkimbia.

"Usitupe," alisema.

Msusi akacheka kidogo, kwa mashaka. "Nisitupe?"

"Usiitupe, na usiache leo. Ichukue uje nayo. Twende hospitali sasa hivi, wewe na mtoto, nitakupeleka kwa daktari mwenyewe."

Mteja alikuwa ameinua kichwa. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama. Msusi alimkumbatia mwanawe karibu zaidi, na uso ukaanza kufunga. Alisema haelewi: dawa imemlaza Kibonge hospitali, na aliyeileta anamwambia aendelee nayo? Anamtakia nini mwanawe? Ni kwa sababu wake amekonda?

Mama alifungua mdomo aeleze kuhusu figo na vitezi na ngazi, mambo yote aliyoyaelewa vizuri ukumbini siku ile, na maneno hayakutoka. Alijiona kama wanavyomwona wao: mwanamke mwenye uso uliobabuka, amesimama barazani kwa watu, akiomba aaminiwe.

Bibi alimpa Kasuku, aliyekuwa nyuma yao, Kibonge ashike. Alipanda ngazi ya baraza, akanyoosha mikono kwa msusi, na msusi, kwa kuwa ni mikono ya mtu mzima, akamwachia mtoto.

"Vaa viatu," Bibi alisema. "Mwanangu anajua anachokisema. Mimi nilikuwepo."

Msusi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akakitia kitana mkononi mwa mteja wake, na kuingia ndani kutafuta viatu na tyubu.

Mama alisogea. Alipitisha mkono chini ya kanga aliyofunikwa mtoto yule mnono, mgeni, anayetabasamu, akautafuta unyayo wake, akaushika. Ulikuwa wa moto. Hakuuachia mpaka walipofika.